Lenga Lebo, Shem

Shemeji yangu hajawahi kugusa kinanda, na FL Studio hajui inafunguliwaje, lakini kwa muziki wa kompyuta ndiye mshauri mkuu wa familia. Akija kula kwangu, na anakuja sana, hunawa, huvuta sahani, kisha huanza: "Shem, tatizo lako unatengeneza tu. Lazima ulenge lebo."

Nilenge. Mimi niko Kigogo, lebo iko Ulaya.

Ushauri wenyewe ukiusikia juujuu una akili. Chagua lebo moja, tuseme Drumcode aliyoianzisha Adam Beyer kule Sweden mwaka 1996. Sikiliza nyimbo zao za karibuni, pima mwendo, chunguza besi inaingia wapi, halafu tengeneza ya kwako ifanane nazo. Lakini isifanane sana, maana kila lebo inasema inatafuta kitu kipya. Ifanane, isifanane. Aliyeelewa anieleweshe.

Tekno ya namna hiyo mara nyingi huanza na dakika nzima ya mdundo mtupu, ili DJ apate pa kuunganishia na wimbo uliotangulia. DJ huyo yuko Berlin. Mimi nyuma ya ukuta nina mama mwenye nyumba.

"Baba, hiyo nyimbo inaanza saa ngapi?"

"Imeshaanza, mama."

Akasikiliza tena, kwa heshima kabisa, kisha akanikumbusha kodi.

Halafu kuna masharti ya kutuma demo. Usiambatishe faili, weka kiungo cha faragha. Nyimbo zisizidi tatu. Usitume barua moja kwa lebo zote. Wakikuvumilia mpaka wakaomba faili kamili, wanataka WAV, na WAV inakula kama MB 10 kwa kila dakika ya wimbo. Dakika saba za tekno ni MB 70 za bando langu. Na usipojibiwa ndani ya wiki kadhaa, ujue hilo ndilo jibu. Hata posa ina adabu kuliko hii: ukikataliwa unatumiwa mjumbe, na maji ya kunywa ulishapewa.

Kuna hesabu nyingine shemeji haipigi. Wimbo unaotoka leo, lebo iliupokea miezi mingi nyuma. Kwa hiyo wewe unayejifungia chumbani kuuiga unaifuata lebo ya mwaka jana, na utakapomaliza wenyewe wameshahama. Warp ya Sheffield ilianza 1989 na tekno yenye besi la kutikisa vioo. Miaka ya 2000 ikawasaini Maxïmo Park, bendi ya magitaa! Namwonea huruma jamaa aliyekuwa bado analinoa lile besi.

Kinachoniuma zaidi kiko Mburahati, hapa jirani. Vijana wa Sisso Studios walikuwa wanapika singeli ya vigodoro, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, watu wa mtaani wacheze mpaka asubuhi. Lebo ya tekno ukiitumia kitu hicho itadhani faili limeharibika. Hakikuwa na dakika ya kumsubiri DJ wa Berlin. Singeli ikianza imeanza, hata mama mwenye nyumba hawezi kuuliza. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wao, Sounds of Sisso, na baadaye singeli ikapanda ndege kwenda kupigwa kwenye matamasha ya Ulaya kulekule ninakotuma viungo visivyofunguliwa.

Nilimweleza shemeji haya yote. Akatafuna, akafikiri, akameza.

"Basi shem, lenga hiyo ya Kampala."

Yaani nitengeneze muziki usiolenga lebo, huku nikiilenga lebo inayopenda muziki usiolenga lebo. Na bado anaongezewa mchuzi.

Mwaka 2019 lebo hiyohiyo ilitoa albamu ya Jay Mitta, kijana wa Sisso. Inaitwa Tatizo Pesa. Hapo sina ubishi na mtu. Msomaji mwenye lebo, kiungo ninacho, na namba ya kutumiwa pesa ninayo pia. Anza na unachotaka.