Milango Saba Tunayovifungulia Virusi Pale Msata

Msata ni mahali pa watu wenye safari. Lami ya kutoka Bagamoyo kupitia Kiwangwa inaishia hapa, kwenye barabara ya Chalinze na Segera. Kulia unaelekea Tanga na Moshi, kushoto Chalinze. Na penye wasafiri hapakosi steshenari: kopi, kuprinti, kuskani, fomu za bodi ya mikopo, akaunti za Ajira Portal. Kompyuta moja, wateja kutwa nzima. Kirusi kikiipata kompyuta ya namna hiyo, kimepata usafiri wa kwenda kila kijiji. Basi tuihesabu milango kinayopitia, toka saba kushuka hadi moja. Nitatutaja kwa upendo, lakini nitatutaja.

7. Antivairasi ya kukreki

Fundi kaja na antivairasi ya kulipia ambayo hakuilipia, na kabla ya kuiweka kakuambia uzime kinga ya Windows "isitusumbue." Ndugu yangu, ilikuwa inasumbua kwa sababu imeona kitu! Windows 10 na 11 zinakuja na Defender, bure kabisa, na kwa kazi za steshenari inatosha ikiachwa iwake na kupewa bando la kujisasisha. Kuizima ili uweke ya wizi ni kumfukuza mlinzi na kumkabidhi mwizi rungu.

6. "Nitasasisha kesho"

Sababu tunaijua: bando. Windows ikianza kushusha masasisho yake, kifurushi cha wiki kinaisha kabla ya adhuhuri na mteja bado amesimama na fomu mkononi. Hilo ni tatizo la kweli, silibezi. Lakini sikia ya kirusi WannaCry. Microsoft ilitoa dawa ya tundu kililopitia tarehe 14 Machi 2017. Kirusi kikaja tarehe 12 Mei. Zaidi ya wiki nane dawa ilikuwapo na watu hawajainywa. Kikaenea nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu, na kila kompyuta iliyofungwa ikadaiwa dola 300 za Bitcoin ili mafaili yarudi. Hakikusubiri mtu abonyeze chochote. Kilimtafuta aliyesema kesho.

Nunua bando la usiku, iache kompyuta ijihudumie wewe ukiwa umelala. Na kama bado una Windows 7, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Imestaafu hiyo, iache ipumzike.

5. Pasiwedi iliyoachwa kaunta

Mwanafunzi anaomba mkopo HESLB, anamtamkia dada wa steshenari pasiwedi yake, na foleni nzima inasikia. Kisha brauza inauliza kama ihifadhi, na jibu ni ndiyo. Hapo kirusi hakina hata haja ya kuja! Kataa kuhifadhi, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka, ukifika nyumbani ibadilishe. Na isiwe jina lako na 123. Hiyo mtaa mzima unaijua.

4. WhatsApp ya kutumiwa na rafiki

Huipati Play Store. Unatumiwa faili, unaambiwa ruhusu "vyanzo visivyojulikana," na sasa unasoma meseji zilizofutwa na kuficha tiki za bluu. Raha. Lakini Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky walieleza walichokikuta ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, ambayo ni ya ukoo huo huo: Triada, programu hasidi inayoweza kushusha nyingine bila kukuuliza, kukuandikisha huduma za kulipia, na kufika kwenye SMS zako. Hapo kwenye SMS rudia kusoma, maana ndiko zinakopita namba za uthibitisho za benki na za WhatsApp yenyewe. Umemficha shemeji tiki mbili, umemfungulia mgeni meseji zote.

Hapa nitoke kwenye hesabu kidogo, kwa ajili ya haki. Si kila kirusi kina mkono wa mtumiaji. Agosti 2020 ilibainika kwamba kuna simu za Tecno W2, zilizouzwa katika nchi kama Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilizotoka dukani zikiwa tayari na Triada na xHelper, zikila salio la wenyewe kimyakimya. Transsion, kampuni yenye chapa ya Tecno, ilisema tatizo liliingizwa na mgavi katikati ya njia. Mama aliyejibana akanunua simu ya bei nafuu hakubonyeza popote. Anayemwambia "ungekuwa makini" amwombe radhi. Kuuziwa simu safi ni haki yake, na wa kuidai haki hiyo ni sisi sote, kwa sauti.

Haya, turudi.

3. Tangazo la ajira lenye mikia miwili

Faili linaitwa TANGAZO LA AJIRA.pdf.exe, ila Windows, usipoibadilishia mipangilio, huficha mkia wa mwisho. Wewe unaona .pdf, moyo unadunda, unabonyeza. Hila hii ina umri mrefu. Mei 2000 barua ya mapenzi iliyotokea Ufilipino, LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, iliingia mamilioni ya kompyuta duniani kwa mtindo huo huo. Enzi hizo chambo kilikuwa mapenzi. Kwetu leo ni kazi, na hili linaniumiza zaidi, kwa sababu kijana aliyehitimu zamani na bado yuko nyumbani atafungua kila kinachokuja. Si mjinga huyo, ana shida, na aliyelitengeneza faili anaijua shida yake.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya mafaili, iamuru Windows ionyeshe mikia yote. Tangazo la serikali lifuate kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira; la kweli halikulazimishi ulisambaze magrupu ishirini ndipo lifunguke. Na PDF ikianza kuomba ruhusa ya kusakinisha kitu, huyo si PDF, kabadilisha shati tu.

2. Mkopo wa dakika mbili

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kinachofanyika wengi wanakijua kwa uchungu: programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu, unakubali, na siku ukichelewa kulipa, mwalimu mkuu, mkwe na fundi bomba wanatumiwa meseji kuhusu deni lako. Fundi bomba! Amekosa nini? Mkopeshaji akitaka majina ya watu wako kabla ya kutaka kujua kipato chako, funga, ifute. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii," zipeleke 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa za utapeli.

1. Flashi ya shingoni

Walimu wangu wa Miono, Lugoba na Mbwewe, hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

Flashi ina mitihani, ina alama za muhula, ina harusi ya mdogo wako. Imeingia kompyuta ya shule, ya kata, ya steshenari, ya shemeji. Zamani ukiichomeka tu, Windows iliendesha kilichomo. Conficker ilitamba hivyo kuanzia mwaka 2008. Februari 2011 Microsoft walisambaza sasisho la kuizuia tabia hiyo kwa flashi hata kwenye Windows za zamani. Kirusi cha flashi kikabaki kinahitaji kidole cha binadamu, na kikajifunza kukiomba kwa adabu.

Kinayaficha mafolda yako, kisha mahali pa kila folda kinaweka shotikati yenye jina lile lile na picha ile ile. Ukibonyeza, kinajiendesha halafu kinakufungulia folda yako halisi, kwa hiyo huhisi lolote. Lakini kinaacha alama. Angalia pembeni mwa picha: kuna mshale mdogo. Angalia ukubwa: folda ya mitihani ya shule nzima haiwezi kuwa KB 2.

Na nawasihi sana, msikimbilie kuifomati! Mafaili yako mara nyingi yamo, yamefichwa tu. Iskani kwanza kwa antivairasi iliyosasishwa, kisha amri ya attrib itayafichua. Fundi anayeijua hamalizi dakika tano. Nimesikia za alama za muhula mzima zilizofutwa na fundi mwenye haraka, wakati kirusi chenyewe hakikufuta hata moja.

Kwa hiyo dada wa steshenari akisema subiri, anakulinda wewe na wote waliotangulia kuchomeka flashi zao hapo. Kaunta nzuri inasikika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Naiskani kwanza."

"Marahaba. Fungua tu binti yangu, basi linaondoka."

"Dakika mbili tu mwalimu. La Tanga lingine linakuja. Mitihani ya darasa la nne ikipotea, utaitunga tena usiku kucha."