Saa ya Shemeji

Mtu akishapata mashine nzuri, kinachofuata ni kuiharibu kwa nia njema. Shemeji yangu, mume wa dada, alirithi mashine ya santuri, Technics SL-1200MK2, kutoka kwa mjomba wake aliyekuwa akipigisha disko miaka ya 1980. Mashine hiyo ilitoka Japani mwaka 1979, mdogo wake SL-1200 ya mwaka 1972, na ma-DJ wa dunia nzima waliipenda kwa sababu haifi ovyo. Ya shemeji imemwagiwa soda, imehamishwa kwa mkokoteni, na bado ilikuwa inazunguka mara 33⅓ kwa dakika bila kubembelezwa.

Shemeji hakuridhika. Alisikia mahali kwamba sinia la alumini, lile linalobeba santuri, linavuma na kuchafua muziki, na kwamba wajuzi wanatumia sinia la akriliki. Kwa mashine za mkanda hakuna tatizo. Kule mota inakaa pembeni na kulivuta sinia kwa mpira, kwa hiyo sinia laweza kuwa la chochote, mradi liwe duara na zito. Mashine ya shemeji haina mkanda. Nilipomkumbusha hilo akaniangalia kwa huruma.

"Shemeji, wewe ni mtu wa vitabu."

Tukaenda Kariakoo kwa fundi wa mabango. Agizo lilikuwa duara la akriliki, upana sentimita 30, unene milimita 20, tundu katikati. Fundi hakuuliza ni la nini.

"Hiyo ndogo sana, bosi. Njoo kesho."

Kesho hiyo ilikuwa na ndugu zake, wakaja wote. Lakini kazi ilipotoka, tulinyamaza. Kingo zilikuwa zimepitishwa motoni hadi zikang'aa, na duara lote lilikuwa na uzito wa kilo moja na nusu na ushee. Fundi akabandua karatasi ya juu kwa madaha. Chini yake kulikuwa na namba kuanzia 1 hadi 12, na kuzunguka ukingo, vistari 60 vya dakika, vyote vimechongwa kwa leza.

"Duara lenye tundu katikati, si saa hiyo?" akasema alipoona nyuso zetu. "Mimi nilishangaa unene tu. Nikasema, huyu ukuta wake lazima uwe imara. Namba nimekuongezea bure."

Shemeji akaamua namba zitalala chini. Tukapanda daladala, mzigo nikaupakata mimi.

Nyumbani tukabandua karatasi ya upande wa pili, na hapo umeme tuli ukafanya kazi yake: vumbi lote la sebuleni likahamia kwenye akriliki. Shemeji akasugua kwa kitambaa kikavu. Kila alivyosugua, ndivyo vumbi lilivyozidi kuja, likiwa na nywele za paka wa jirani. Dada akamletea kitambaa kibichi bila kusema neno.

Kisha sinia la alumini likang'olewa, la akriliki likakaa mahali pake. Tundu lilikaa sawasawa. Shemeji akabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka. Sinia halikutikisika. Akalisukuma kwa kidole, likazunguka kwa adabu, likasimama.

"Mota imekufa," akatangaza, na akaanza kumlaumu mjomba.

Dada, aliyekuwa anaandaa chai, akauliza, "Na hili dude lenu la zamani mbona limechukua vijiko vyangu?"

Sinia la alumini lilikuwa mezani, tumbo juu. Vijiko viwili vya chai vilikuwa vimeling'ang'ania katikati, kimoja kimesimama wima. Mota haikuwa imekufa. Nusu yake ilikuwa mezani inakusanya vyombo.

Hivyo ndivyo mashine hii ilivyoundwa: koili zimetulia ndani ya boksi, na sumaku yenyewe imefungwa chini ya sinia. Umeme ukipita kwenye koili, sumaku inasukumwa, na sinia ndilo linalozunguka. Ukiliondoa, umebaki na boksi lenye taa nyekundu.

Ikabidi turudi kwa fundi. Safari hii alitakiwa kukata duara la milimita 3 tu, la kulaza juu ya alumini badala ya mkeka wake wa mpira, maana mkono wa sindano katika mashine hii unaweza kupandishwa na kushushwa kidogo. Akakata palepale. Namba zikatoka tena.

"Kompyuta ndivyo ilivyohifadhi, bosi."

Usiku ule, chini ya taa ya tyubu ya sebuleni, shemeji akawasha mashine kabla ya kuweka santuri, akapiga kelele. Vistari vya dakika vilikuwa vimeganda huku sinia linazunguka! Nikapiga hesabu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu ile ya kizamani inamweka mara 100 kwa sekunde. Kwa mizunguko 33⅓, kila mmweko unavikuta vistari vimesogea theluthi moja kamili ya nafasi iliyopo kati yao, na jicho linaona vistari 180 vilivyotulia tuli. Fundi wa saa alikuwa ametutengenezea kipimo cha kasi.

Mashine ilikuwa na kipimo chake tangu kiwandani, vile vinukta vya ukingoni mwa sinia na ile taa nyekundu, na kasi yake inasimamiwa na fuwele ya kwatsi kama saa za ukutani. Tena santuri kubwa ikiwekwa inafunika vistari vyote, na zile ndogo za mizunguko 45, ambazo ndizo shemeji anazo nyingi, zinavigeuza kuwa ukungu. Shemeji hayo hayamhusu. Kila mgeni anaonyeshwa.

Dada anasema katika maisha yake hajawahi kuona saa nyingine ambayo ikisimama ndipo inakuwa nzima.