Mazabodi Imegoma, Heshima Ibaki

Ulimwambia shemeji asinunue kompyuta ya dukani. Ulimwambia mbele za watu. Ukasema utamuundia wewe mwenyewe, kali kuliko zile na kwa bei ya kuongea. Basi vifaa mmevifuata Kariakoo, umevipanga mezani, umekaza skrubu mpaka ya mwisho. Kasha lina kioo ubavuni na feni za taa za rangirangi. Umebonyeza kitufe. Feni zinazunguka, taa zinameremeta, monita nyeusi tii.

"Vipi, shem?" anauliza.

Tulia. Kompyuta kuwaka ni majaliwa, heshima yako ni mipango. Nifuate.

Moja. Tikisa kichwa taratibu, useme: "Mazabodi hii." Sema kabla hujagusa kitu. Mimi na wewe tunajua kwamba mashine mpya ikikataa kuwaka, mazabodi mbovu ni ya kufikiriwa mwisho kabisa. Mara nyingi kosa ni waya uliosahauliwa au ramu iliyokaa nusunusu. Lakini waya uliosahauliwa una mtu aliyeusahau, na shemeji anamjua kwa jina. Mazabodi imetoka kiwandani Asia, haina ndugu mtaani wa kuitetea. Ibebeshe.

Mbili. Kama kwako hata feni hazizunguki, angalia mgongoni mwa pawa saplai. Pana swichi, upande mmoja I na upande mwingine O. Ukiikuta kwenye O, kohoa kwa nguvu huku unaiweka kwenye I. Usieleze kilichotokea. Ila pawa saplai za zamani zina kiswichi kingine chekundu chenye 115 na 230. Hicho ukikikuta kwenye 230, kiache hapohapo. Umeme wetu ni wa 230, na mlipuko hauna namna ya kukoholewa.

Tatu. Kijitabu kiache ndani ya nailoni yake. Humo kuna picha inayoonyesha kwamba kwenye mazabodi ya nafasi nne, ramu mbili hukaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, palipoandikwa A2 na B2. Wewe zibananishe mbili za mwanzo, zinapendeza zikiwa pamoja. Uziingize kwa adabu, bila kukandamiza. Usije ukasikia ule mlio wa "tak" wa kibanio kinachojifunga, maana huo ni mlio wa ramu kukaa sawasawa, na ramu ikikaa sawasawa huenda mwongozo huu ukaishia hapa.

Nne, na hapa nakuomba usogee karibu, kwa sababu hii ndiyo hazina yetu. Mazabodi hupata umeme kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile plagi pana ya pini 24, ambayo hata mtoto haikosi. Ya pili ni ya prosesa peke yake, pini 8, na tundu lake limefichwa kona ya juu, kati ya vyuma vya kupoozea na ukuta wa kasha, mahali ambapo vidole vya mtu mzima haviingii ukishafunga kila kitu. Aliyeiweka pale alitufikiria sisi. Usiichomeke. Feni zitazunguka, taa zitawaka, kila mtu ataona kazi umefanya, na prosesa itakaa bila umeme wala lawama. Hakuna kushindwa kunakopendeza kuliko huku.

Shemeji akiuliza mbona kuna waya unaning'inia kule nyuma, mjibu: "Huo wa akiba." Akiendelea kuuliza, mtume soda.

Onyo moja lakini. Kutoka kwenye pawa saplai hiyohiyo hutoka waya mwingine wa pini 8, wa kadi ya picha. Plagi zake zimechongwa kwa umbo tofauti ili usiingie kwenye tundu la prosesa. Ukiona unakataa, ukubali umekataa. Sisi ni waongo, ndugu yangu, hatujawa waharibifu, na harufu ya plastiki iliyoungua haina cha kusingizia.

Tano. Waya wa monita uchomeke kwenye mazabodi, siyo kwenye kadi ya picha iliyonunuliwa kwa pesa nyingi kuliko vyote. Hii inafanya kazi vizuri zaidi kama prosesa ina herufi F mwishoni mwa jina, mfano Core i5-12400F, kwa kuwa hizo hazina sehemu ya kutoa picha ndani yake. Tundu lipo, waya unaingia, picha haiji mpaka kiama. Sema kadi na mazabodi hazielewani. Ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, nani aingilie?

Sita. Jihadhari na vitaa. Mazabodi nyingi za sasa zina vitaa vinne pembeni: CPU, DRAM, VGA na BOOT. Mashine ikikwama, kinachobaki kikiwaka ndicho kinachotaja ulipoharibu. Mmbea huyo azibwe mdomo kwa kipande cha utepe mweusi, mapema, kabla shemeji hajaleta miwani. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, mashine ilijipima yenyewe kisha ikapiga mlio mfupi mmoja kusema salama, na milio mingine kutangaza ugonjwa nyumba nzima isikie. Siku hizi kile kispika kidogo mara nyingi hata kwenye boksi hakimo. Tushukuru.

Saba. Kama ramu ni za DDR5, mara ya kwanza mashine inaweza kukaa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, inazipima na kuzizoea. Anayesubiri atapona. Wewe usisubiri. Zima, washa, zima tena, na kila ukizima useme "Umeona?"

Nane. Uonekane kazini. Toa ile betri ya duara, CR2032, ambayo kila mtu anaona ni ya maana kwa kuwa inang'aa. Kuitoa ni tiba halali kabisa: ukichomoa waya wa ukutani, ukaiacha nje dakika chache, mipangilio ya bayosi hujifuta na mashine ikaanza upya. Basi wewe usichomoe waya, betri uitoe, uipulize, uirudishe hapohapo. Hakuna kilichofutika, ila shemeji ameona upasuaji. Chukua na mita, ushike nyaya zake mbili, ukunje uso. Prosesa tu usiiguse kwa ajili ya maonyesho. Kwenye mazabodi za LGA1700 kuna vipini 1,700 ndani ya soketi, vyembamba kupita maelezo, na kimoja kikipinda muuza duka atakiona kabla hajakuitikia salamu. Dhamana kwaheri.

Tisa. Kuna watu wasio na subira ambao huing'oa mazabodi ndani ya kasha, wakailaza juu ya boksi lake la karatasi, wakabakiza prosesa na feni yake, ramu moja na plagi mbili za umeme, kisha wakagusisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili za kuwashia. Ikiwaka, wanarudisha kifaa kimoja kimoja mpaka wamjue mkorofi. Ikiwaka juu ya meza na kugoma ndani ya kasha, wanatazama nyuma yake kama kuna kimguu cha shaba kilichofungwa pasipo na tundu la skrubu, kikagusa njia za umeme. Njia hii ni ya hatari: hutoa jibu. Ukibanwa sana, ifanye usiku wa manane, peke yako, mlango umefungwa. Ikikubali, irudishe kasha lote kama lilivyokuwa, waya mmoja uuache wazi, ulale. Asubuhi mwite shemeji aje ashuhudie unavyomaliza.

Hapo utahitaji maelezo, na ninayo ya daraja la kwanza: "Bayosi ilikuwa ya zamani." Uzuri wake ni kwamba wakati mwingine ni kweli. Mazabodi za B450 zilitoka mwaka 2018, prosesa za Ryzen 5000 zikatoka mwishoni mwa 2020. Mazabodi iliyolala stoo muda wote huo haimjui mgeni huyo mpaka bayosi yake isasishwe, na zipo zinazokubali kusasishwa kwa flashi tu, bila hata prosesa. Hakuna mwenye kosa, hakuna wa kuulizwa. Na ukiitamka "bayosi" kwa utulivu wa kutosha, hakuna shemeji atakayeuliza ni nini.

Kumi, kama yote yameshindikana kushindikana. Ibebe kwa fundi, na uende mwenyewe, shemeji abaki nyumbani. Fundi ataifungua, ataweka kidole gumba juu ya ramu, atakandamiza. Tak. Picha hiyo. Usishangae wala usicheke. Msogelee umnong'oneze: "Fundi, nitarudi na mwenyewe jioni. Akiuliza, tatizo lilikuwa mazabodi."

Fundi wa Kariakoo ni mwelewa, hatakuangusha. Jioni atamwambia shemeji, uso mkavu: "Ni mazabodi kweli bosi, kaka hapa aliigundua mapema." Kisha atakugeukia wewe na kutaja bei ya mazabodi. Lipa.