Orodha ya Manila

Jirani, sogea kidogo hapo kwenye benchi. Leo nina langu. Mangi, nipe maji madogo, andika kwenye daftari.

Wewe unajua nafanya kazi maktaba. Ukinitazama huwezi kuamini, najua. Nina mwili wa fundi pikipiki. Mama mkwe mpaka leo anaambia watu kwamba nauza magazeti. Lakini ndiyo hivyo, mwaka wa kumi na moja huu. Niliingia kama mfuta vumbi. Nikafuta, nikafuta. Mzee aliyekuwa anapanga vitabu akastaafu, wakatazama huku na huku, wakaniona mimi na tambara langu. Wakasema, si huyu hapa. Wenzangu wamekwenda kusomea ukutubi Bagamoyo, wana vyeti vyao. Mimi Bagamoyo nilikwenda harusini.

Sasa kupanga vitabu kuna namba zake. Kuna Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, mwaka 1876 aliamua vitabu vyote vya dunia vitoshe kwenye mafungu kumi. Dini 200. Lugha 400. Udaktari, ufundi na kilimo vimebanana kwenye 600. Fasihi 800. Historia na jiografia 900. Nikaambiwa kitabu kipya kikija, angalia kinahusu nini, kipe namba. Basi, nikawa naangalia. Si kuna jalada? Si kuna jina? Jina limeandikwa ili mtu asisumbuke kufungua ndani, au mimi ndiye sielewi?

Kikaja Utubora Mkulima cha Shaaban Robert. Nikakipeleka kilimo, nikakilaza pembeni ya ufugaji wa kuku wa mayai. Dunia Uwanja wa Fujo nikakitia michezo. Gamba la Nyoka, wanyama. Kichwamaji nikakiweka kwenye magonjwa, tena kwa huruma, nikijua kuna mzazi atakihitaji. Mabepari wa Venisi, kile cha Shakespeare alichokitafsiri Mwalimu Nyerere, kikaenda uchumi, nikaona hapo hata Mwalimu mwenyewe angenipa mkono. Siri ya Sifuri, hisabati. Na majuzi kilipokuja Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule aliyechukua Nobeli mwaka 2021, mimi huyo moja kwa moja mpaka dini. Mzee mmoja wa msikitini akakiazima. Alikirudisha kesho yake bila kusema neno. Aliniangalia tu.

Miaka kumi hakuna aliyegundua. Aligundua bosi wetu mpya, tunamwita Madam. Alikuwa anatafuta kitabu cha mbolea, akakutana na Utubora. Akatembea safu moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayekagua nyumba iliyoungua. Alipofika kwenye michezo akaomba kiti. Nikaletewa amri, panga upya kila kitu, kimoja kimoja, ukifungua ndani. Ni mwaka sasa. Nimefika 500. Usinicheke, kufungua ndani kunachukua muda.

Basi mwezi uliopita Madam akaenda semina Dodoma. Mimi semina za mabosi naziogopa. Bosi akienda semina anarudi na begi, kalamu na wazo. Kalamu hugawa. Wazo hutuangukia sisi. Safari hii akasema wasomaji wamjue mkutubi wao. Kila mfanyakazi achukue manila, aandike vitabu vitatu, filamu tatu na nyimbo tatu anazozipenda, tubandike mlangoni. Wafanyakazi wenyewe watatu. Yeye, mimi na mlinzi.

Mlinzi alimaliza kwa dakika mbili. Biblia, mechi ya Simba na Yanga, kwaya ya kwao. Akaandika kila kimoja mara tatu kujaza nafasi, akarudi getini kusinzia.

Madam naye, wacha bwana. Kusadikika. Rosa Mistika cha Kezilahabi, akaongeza kwa mabano kwamba alikisoma bwenini chini ya blanketi, maana kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Wasifu wa Siti binti Saad. Filamu akaanza na Neria, ile ya Zimbabwe ya mjane aliyenyang'anywa mali na shemeji. Nyimbo akaweka za Siti mwenyewe, na maelezo juu, kwamba mwaka 1928 mama yule alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Mwandiko umelala vizuri kama nywele zilizopakwa mafuta.

Mimi manila nilikaa nayo siku tisa. Niliikunja, nikaikunjua, mtoto akaichorea gari. Tatizo ninavyovipenda navijua. Navijua sana. Ndiyo maana nikasema hapana, hivi haviwezi kukaa mlangoni na jina langu chini.

Nikaenda kwenye rafu kutafuta ninachokipenda. Nikatafuta chembamba. Nikapata Nagona, cha Kezilahabi huyo huyo. Hicho nilikuwa nasikia wasomi wakikitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja presha. Kembamba, kanafaa hata kufutikwa kwenye soksi. Nikaandika namba moja. Namba mbili Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kwa sababu kina filamu, nikaona jina moja litanijazia sehemu mbili. Namba tatu Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ya mwaka 1981. Kamusi sikudanganya. Nimeishika sana. Ndiyo inayozuia mlango wa stoo.

Siku ya kwanza tu manila imebandikwa, kaingia binti wa chuo. "Shikamoo anko." Anko! Nina miaka arobaini na tatu, jirani, lakini sawa, nikaitikia marahaba. Akasema, anko, nimefurahi sana, kumbe unaipenda Nagona, sisi darasani imetutoa jasho. Hebu niambie, yule msimulizi hasa anatafuta nini?

Nikakohoa. Nikatazama dari. Feni inazunguka. Nikamwambia, "Mdogo wangu, anatafuta maisha."

Akaandika. Nakuapia akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini. Nikajisikia mtu. Siku tatu nzima natembea nimefunga mikono nyuma. Siku ya nne karudi na karatasi yake. Mwalimu wake kazungushia duara jekundu pale kwenye maisha, kauliza ukurasa wa ngapi. "Anko, ukurasa wa ngapi?" Nikamwambia maisha hayana ukurasa. Akanitazama kama yule mzee wa msikitini.

Hajatoka vizuri, kaja Mwalimu. Huyu ni mstaafu, kila asubuhi yupo kwenye magazeti, miwani imefungwa uzi. Akasimama kwenye manila yangu mikono nyuma. Akasoma yote. Akaniita, "Kijana." Hapo hapo nimetoka kuwa anko, sasa kijana. Akasema nimeona umeweka Vuta N'kuvute, kitabu na filamu. Kitabu cha mwaka 1999, filamu kaitoa Amil Shivji mwaka 2021, ikaonyeshwa mpaka Toronto. Wewe umevionja vyote viwili. Niambie, vinatofautiana wapi?

Nikasema, "Filamu ina picha."

Kimya. Watu wawili waliokuwa wanasoma wakainua vichwa. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akanionea huruma, akanipa swali la mtoto. "Haya, Denge unamwonaje?"

Mimi nikajua kahamia habari za nywele. Nikamjibu kwa moyo mweupe, "Denge zuri, Mwalimu, ila kwa umri wangu kinyozi anasema linazidisha kipara."

Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba Denge ni mtu. Ndiye mpigania uhuru mwenyewe, Zanzibar ile ya Mwingereza, na yule Yasmini anayetoroka ndoa ya mzee. Kitabu kizima Denge. Ningefungua hata ukurasa mmoja, ningemkuta amekaa.

Upande wa muziki nilijua niko salama. Niliandika Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab na Bi Kidude. Mbaraka namjua kwa baba, alikuwa akilewa anaimba, na akikumbuka ajali ile ya mwaka 1979 analia, sisi watoto tunalala. Hapo hata Mwalimu alitikisa kichwa kunikubali. Nikashusha pumzi. Na katika kushusha pumzi huko, simu yangu ikaita.

Sasa simu yangu mlio wake ni Mr. Nice. Kidali Po. Usiniulize tangu lini. Na haina kitufe cha kupunguza sauti, kilidumbukia chooni. Maktaba kimya, bango la KIMYA TAFADHALI liko juu ya kichwa changu, nimelibandika mimi, na Mr. Nice anapiga Takeu yake kana kwamba ni sikukuu. Naitafuta mfuko huu, haipo. Mfuko ule, haipo. Ipo kwenye rafu ya dini, nilipoisahau. Mlinzi kaamka, kaja mbio, kaanza kucheza. Aliyepiga alikuwa mama watoto, anataka nirudi na nyanya.

Jioni nikamweleza yaliyonipata, nikitegemea pole. Kacheka mpaka kashika ukuta. "Wewe! Kadi ya kliniki ya mtoto nilikusomea mimi, leo Nagona?" Akasema si uandike vyako. Vipi vyangu? Akanihesabia vidoleni. Huyu mwanamke ananijua vibaya.

Vyangu ni hivi, jirani, nakwambia wewe tu. Filamu yangu ni Commando, ya mwaka 1985, tena siyo ile yenye Kiingereza. Ile ya kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, jasho la mwenzako ndilo feni lako, na sauti ya Lufufu inatafsiri juu kwa juu, anaongeza na matusi yake. Miaka mingi nilijua Schwarzenegger anaongea Kiswahili. Nilipoiona ile ya Kiingereza nikamrudishia mwenye duka, nikamwambia hii feki. Ya pili yoyote aliyocheza Mzee Majuto. Ya tatu sina.

Na kitabu, nacho ni kimoja. Nilikipata darasa la sita, kimefungiwa maandazi. Hakina jalada, hakina kurasa za mwanzo, na mwisho kimekatika. Katikati yumo Willy Gamba, mpelelezi, suti safi, bastola, Nairobi, warembo, risasi. Nilikisoma mpaka herufi zikafutika. Kinapokatika, Willy Gamba kabanwa pabaya. Miaka thelathini, jirani, sijui alitokaje. Jina la kitabu silijui. Kuna wakati nakojoa usiku namwaza.

Kesho yake nikageuza manila, nikaandika haya upande wa pili, kama nilivyokwambia, na chini nikaongeza: kitabu hakina jina, anayekijua aniambie. Madam akasoma, akakuna shingo, akaacha.

Mwalimu alipofika akasoma naye. Hakuuliza swali. Akaniambia nisimulie. Nikamsimulia, mpaka mikono ikaingia. Hata hakuniacha nimalize. "Elvis Musiba. Mwaka 1974. Hicho ni Kufa na Kupona, kijana. Mbona hiki mnacho, nilishakiona kwenye orodha yenu."

Nikahisi baridi magotini. Kwa sababu jina hilo nalijua. Nilishalishika. Kufa na Kupona. Wewe mwenyewe ungelipeleka wapi?

Tulikwenda wote watatu, na mlinzi nyuma. Safu ya 610. Kilikuwa kimekaa kati ya malaria na kisukari, kisafi kabisa, jalada lake lote. Nimekiweka mimi, mwaka wangu wa kwanza, kwa mikono hii, miaka kumi nakifuta vumbi kila Jumatatu. Kwenye karatasi ya mihuri kimeazimwa mara moja tu. Madam akakumbuka, ni mama mmoja alikichukua kwa ajili ya mumewe mwenye sukari, akakirudisha akasema kimemsaidia sana, mgonjwa alikuwa anakaa kitandani anasoma bila kusumbua mtu.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu kanitangulia. Akakifungua nyuma, mimi nachungulia begani, nikaona kurasa zipo zote mpaka ile yenye neno la mwisho. Akakifunga.

"Miaka mingi sijakisoma," akasema. "Nakiazima."

Nikamtazama Madam. Madam kainua mabega, kanisogezea muhuri. Siku kumi na nne, ndiyo kanuni, imebandikwa ukutani, mwandiko wangu. Nikapiga muhuri. Mwalimu akakitia kwapani, akachukua fimbo yake. Mlangoni akageuka, akatazama ile manila, akanitazama mimi.

"Kama una haraka, kijana, pita nyumbani jioni, nitakusimulia."

Ndiyo nipo njiani hivi. Lakini nimeambiwa nisiende mikono mitupu. Mangi, kilo ya sukari. Andika.