Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mfumo

Mheshimiwa Mfumo,
Huko Uliko,
Mtandaoni (ukiwepo).

YAH: OMBI LA MKOROSHO WA TATU KUTAMBULIWA KUWA KIWANJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, niwie radhi kwa kukuandikia kwenye karatasi. Nilijaribu kukuandikia humo humo ndani yako, ukaniambia nisubiri, kigurudumu chako kikazunguka mpaka kifurushi changu kikaisha.

Sisi ni mtu na shangazi yake, tunabangua korosho hapa Chiungutwa. Mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam kazionja, kazipenda, ila kasema yeye halipi mtu, analipa kampuni. Basi tukasema tuwe kampuni, tukaja kujisajili kwako. Sijui tulikula nini siku ile.

Namba za NIDA umezipata. TIN umeipata. Jina la kwanza ulilikataa kwa sababu linafanana na la watu wanaouza matairi, la pili hukutoa hata sababu, la tatu ukalipokea. Katiba ya kampuni ipo, kwa Kiingereza. Shangazi alisomewa yote na akaisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyekalishwa mbele ya mgeni rasmi. Kazi yetu hatukuiona kwenye orodha yako kwa jina tunalolijua, tukajiweka kwenye matunda na mboga. Hewala. Shilingi 167,200 za ada, nyaraka na stempu umezipokea, na hapo nakusifu, hukuyumba hata dakika: namba ya malipo ilikuja mbio kama mtoto aliyesikia harufu ya maandazi.

Tulipokwama ni kwenye kiwanja. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka kampuni iwe na ofisi, na ofisi tunayo. Ni kivuli cha mkorosho wa tatu ukihesabu kutoka kisimani, aliouotesha babu kwa mkono wake. Chini yake pana mafiga matatu, debe lililotobolewa la kukaangia, magogo mawili ya kukalia, jiwe la kubangulia na majivu ya kupaka mikononi. Sheria haikusema ofisi isiwe na majani. Wewe unauliza: kiwanja namba ngapi? Kitalu gani? Barabara ipi?

Niliandika "hakuna". Ukarudisha. Nikaandika 0. Ukarudisha. Nikakupa namba ya nyumba, ile ya mwaka 2022 nchi nzima ilipokuwa inaandikiwa anwani za makazi. Ukajibu kwamba hiyo ni ya nyumba, wewe unataka ya kiwanja. Na kila ukirudisha ni bodaboda mpaka Masasi mjini, steshenari, kuskani upya, na kijana wa pale sasa ananiita "Mkurugenzi" kwa sauti ambayo siipendi.

Kwa hiyo tumekaa kikao, tukajipimia wenyewe. Kitalu A ni mikorosho ya babu. Kitalu B ni ile iliyokumbwa na ubwiriunga mwaka ambao babu alikosa hela ya salfa. Mwaka huo haikuzaa, lakini kivuli chake kitafaa kwa idara ya uhasibu. Kitalu C tumekiacha kwa ajili ya upanuzi wa kampuni, kwa sasa anafungwa mbuzi. Barabara kuu ni njia ya kisimani. Inakutana na Barabara ya Mabibo, ambayo wakati wa msimu haipitiki kwa nzi, na kwa wazee wanaofuata uraka, pombe ya mabibo hayo. Mkorosho wenyewe tumeuandika 3 kwa chokaa, upande unaotazama Newala. Tunaomba utume mtu aje kuukagua. Akipotea aulize kwa Mkurugenzi. Watoto watamleta huku wanacheka.

Ingawa sijui kwa nini apotee. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja Kusini kusomba, sikusikia dereva aliyeuliza kitalu. Mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, anatufikia usiku wa manane, bila tochi, na kipimo chake kwapani. Mkusanya ushuru anajua mpaka chungu tunachofichia akiba. Wewe ndiye hutuoni.

Na shangazi, Mheshimiwa. Hapa adabu inanishinda. Shangazi hajui kuandika, akaweka dole gumba mbele ya wakili. Ukarudisha: saini haisomeki. Nauli tena, wakili tena, akabonyeza kwa uzito wake wote. Haisomeki. Dole lile linaunguzwa na mafuta ya maganda ya korosho tangu mimi sijazaliwa. Ngozi imebabuka, ikaota, ikababuka, mpaka limekuwa laini kama kokoto la mtoni. Alilitazama lile doa jeusi kwenye karatasi, akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi siyo mimi?" Nimjibu nini? Hebu niambie wewe, ulitarajia kukuta vidole vya nani kwenye kampuni ya kubangua korosho? Vya mtu aliyeziona kwenye kisahani tu, zimekwisha kutiwa chumvi?

Samahani. Nimepandisha sauti. Bahati nzuri hukusikia, huku kwetu mtandao unashika ukisimama juu ya kichuguu.

Turudi kwenye ombi. Endapo mkorosho haukidhi vigezo, tujulishwe ni mti gani unakubalika. Tuna mwembe mmoja, na wenyewe una heshima zake. Shangazi naye anauliza, akishakuwa mkurugenzi, ataacha kubangua? Nimemwambia asubiri, ombi lake linafanyiwa kazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkurugenzi (mtarajiwa),
Mkorosho Na. 3, Kitalu A,
Njia ya Kisimani,
Chiungutwa, Masasi.

Nakala: Shangazi – asomewe.
Mbuzi, Kitalu C – kwa taarifa.