Ami na Rangi ya Mafuta

Ami yangu ana nyumba ya urithi Malindi, Mji Mkongwe, na ana mapenzi na rangi ya mafuta. Ndoa ya vitu hivyo viwili ndiyo iliyootesha kuvu viatu vyangu vya Idi.

Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Kuta zake, nene kama nusu mita, zinakunywa maji: ya masika kutoka juu, ya ardhini kutoka chini. Chokaa huyaachia yatoke taratibu, yakaenda na upepo. Ami aliiona chokaa inayomeguka kuwa ni aibu ya ukoo. Akapigisha plasta ya saruji toka sakafuni hadi kwenye boriti, juu yake rangi inayong'aa hata ukahesabu ndevu zako. Madirisha ya mbao yakang'olewa, yakaja ya alumini. Mwisho kiyoyozi, nyuzi 16.

Maji ya ukutani hayakupewa taarifa ya ukarabati. Yalipokuta saruji yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Chumvi ikaganda nyuma ya rangi, ikaivimbisha kama andazi. Watoto wakawa wanapasua malengelenge kwa kidole, unga mweupe ukamwagika zuliani.

"Rangi feki hii," akasema Ami, akapaka mkono wa pili.

Mlango ukifunguliwa, mvuke wa biriani uliingia, ukagusa vioo vya baridi, ukageuka maji; viatu vyangu vya Idi vikaota kuvu. Ami akapanda kugombana na jirani wa juu, eti anaosha sakafu ovyo. Yuniti za umeme zikawa haziamki nasi. Nilipomkumbusha Beit el-Ajaib, jumba la Sultani la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, alinijibu kuwa yeye si Sultani.

Akaletwa mzee mmoja, fundi chokaa. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akauliza: "Nani kauziba pumzi?"

Saruji ikabanduliwa, ukuta ukaachwa ukauke, ndipo ikapigwa chokaa iliyolowekwa vya kutosha. Pangaboi likarudi darini, na madirisha ya pande mbili sasa hufunguliwa ili kusi ipate pa kuingia na pa kutokea. Kiyoyozi huwashwa kwenye joto la kaskazi tu, tena Ami akiwa na wageni wa kuwaringia.

Chokaa ina ubaya mmoja: humwachia mtu alama. Wageni wa maulidi wakiegemea ukuta, huondoka na migongo myeupe. Ami hamtahadharishi mtu. Yeye huvaa kanzu nyeupe.