Sifa za Tope la Mulungwishi

Haut-Katanga ni mkoa wa Kongo ambao kila chenye bei huondoka. Shaba hupakiwa kwenye malori na kushuka barabara ya taifa namba 1 kupitia Likasi na Lubumbashi hadi mpakani Kasumbalesa, na kobalti iko nyuma yake. Urani ya Shinkolobwe, si mbali na Likasi, ilivushwa bahari wakati wa Vita Kuu ya Pili, na bomu lililoangushwa Hiroshima lilikuwa na sehemu yake. Miti ya miombo huondoka ikiwa makaa. Hata wanaosomea uchungaji kwa Wamethodisti pale Mulungwishi, kituo kidogo kati ya Likasi na Fungurume, huhitimu ili wapangiwe kwingine. Kinachobaki ni udongo wa mfinyanzi. Hauna bei kwenye soko la metali la London, hauna kibali cha kuuzwa nje, hauna waziri wake. Wakati wa masika hung'ang'ania viatu, hunasa malori na kuifanya njia ya shambani kuwa mtihani wa imani. Kiangazi hukauka ukawa mgumu hata jembe likaudunda. Nakusudia kuusifu udongo huo, na naomba nisichukuliwe kuwa mtu wa mzaha. Dai langu ni kwamba lawama unazotupiwa na faida unazotupa zote zina mzizi mmoja, nao ni kutokuachia. Anayeichukia tabia hiyo kwenye kiatu hana haki ya kuifurahia kwenye ukuta.

Tabia yenyewe ina maelezo. Wataalamu huita mfinyanzi chembe zote zilizo ndogo kuliko milimita 0.002. Nyingi ni vibapa vyembamba vilivyolaliana, na kwa wembamba huo gramu moja tu ya kaolini, mfinyanzi unaotawala Katanga, ukijumlisha nyuso za vibapa vyake utapata mita za mraba 10 hadi 20. Nyuso hizo hushika maji, na maji hayo ndiyo yanayozigandamanisha. Ushahidi hauhitaji maabara. Chota udongo wa kujaa kiganja, toa mizizi na changarawe, tia maji kidogo kidogo huku ukiukanda mpaka ulainike sawasawa, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Mchanga hautoi utepe. Tifutifu hutoa kipande kifupi kinachoanguka. Mfinyanzi hutoa utepe unaopita sentimita 5 kabla ya kukatika, unaong'aa pale kidole kilipopita, na wekundu wake utabaki kwenye mikunjo ya vidole hata baada ya kunawa. Huo ndio uainishaji wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio usiobishaniwa.

Uainishaji wa pili hufanywa ofisini, na hapo ndipo mambo huwa matamu. Watu wa Likasi wamezoea kubadilishiwa majina: mji wao uliitwa Jadotville mpaka 1966, mkoa ulikuwa Katanga, ukawa Shaba 1971, ukarudi Katanga 1997, ukagawanywa 2015. Udongo wao nao haukusalimika. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1933, iliuweka katika kundi la kaolisoli, na ndani ya kundi hilo ikatenga feralisoli zilizochakaa kabisa na ferisoli ambazo bado zina nguvu kidogo. Ramani ya udongo ya Carl Sys ya mwaka 1960 inafuata mpango huo. Wamarekani, katika mfumo waliouchapisha 1975, waliuita oksisoli. FAO na UNESCO walichagua feralisoli kwa ramani yao ya dunia, na mfumo wa kimataifa wa 1998 ukaendelea na jina hilo, huku mfinyanzi unaovunjika kwa nyuso zinazong'aa ukiitwa nitisoli, na ule wa kijivu wa kwenye dembo, yaani mabonde yanayotuama maji, ukiitwa gleisoli. Siwacheki wataalamu hawa; kazi yao ni ya uangalifu, na mtu anayeweka bonge la udongo chini ya tundu la daftari la rangi la Munsell na kufunua kurasa mpaka apate wekundu unaolingana anastahili heshima kuliko wengi wanaopita hapo wakitafuta madini. Ninachosema ni kwamba kigezo chao kikubwa ni cha kumvunjia mtu heshima. Ili uwe feralisoli, uwezo wa mfinyanzi wako kushika virutubisho lazima uwe mdogo. Unapewa cheo kwa kile usichokiweza. Wakati majina yote hayo yakipanda na kushuka, udongo wenyewe haukusogea.

Watu wa pwani watasema mfinyanzi wenye nasaba ni wao, ule mwekundu uliotulia juu ya matuta ya matumbawe ya kale yaliyoinuka kando ya bahari ya Hindi. Wasijivune sana. Dolomiti na shale za Roan, miamba iliyobeba shaba ya Katanga na kuzaa sehemu ya udongo wake, zilitandazwa kama tope na chokaa kando ya bahari ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, na baadhi ya mawe yake bado yana tabaka zilizojengwa na vijidudu wa majini. Katanga nayo ilikuwa pwani. Bahari ndiyo iliyoondoka, kama wengine.

Nikitakiwa mashahidi, wa kwanza ni mchwa. Macrotermes falciger hushuka chini kwenye mfinyanzi, huchagua chembe, huzipandisha moja moja na kuziunga kwa mate. Vichuguu vyake katika miombo ya Katanga huweza kufika mita 8 kwenda juu na mita 15 upana wa kitako, na hekta moja huwa na vitatu mpaka vitano. Watafiti waliopima kaboni ya mionzi katika vichuguu vya karibu na Lubumbashi, wakatoa matokeo 2015, walikuta kimoja kina zaidi ya miaka 2,000. Kisingedumu hivyo kama kingejengwa kwa mchanga. Tena kichuguu hukusanya kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko ardhi inayokizunguka, ndiyo maana mkulima anayejua shamba lake hupanda juu yake na hafikirii kukisawazisha. Mashahidi wa pili ni wafua shaba. Kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijaundwa 1906, Wasanga na Wayeke waliyeyusha malakaiti katika tanuri zilizojengwa kwa udongo huohuo wa vichuguu, kwa makaa na mivukuto. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085, na ukuta wa tope ulisimama mpaka shaba ikatiririka. Misalaba ya shaba ya Katanga leo iko kwenye makabati ya makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Vifusi vya tanuri havikuombwa na makumbusho yoyote.

Mkulima atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema udongo huu hunyima. Fosforasi ya mbolea aliyoinunua kwa bei ya kuumiza hukamatwa na oksidi za chuma na alumini na haiachiliwi upesi, ilhali kalsiamu na potasiamu, ambazo angependa zishikwe, huponyoka na mvua za Novemba mpaka Machi. Nakiri kwamba mteja wangu hana busara ya kujua nani wa kumshika. Ni kasoro inayowapata hata wenye akili. Lakini ukali wa mshiko huo unaongezwa na tindikali, na tindikali hupunguzwa kwa chokaa, majivu na mboji. Na mbolea ikiwekwa karibu na mbegu badala ya kutapanywa, mmea huiwahi. Mlalamikaji asisahau pia kazi nyingine ya oksidi hizohizo: huzigandisha chembe za mfinyanzi kuwa vipunje vidogo vinavyopitisha maji kama mchanga, ndiyo sababu mtelemko mwekundu hunywa maji haraka. Mwenye kuona huo ni wema mdogo akaulize jinsi nyumba zinavyopasuka kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, ambako mfinyanzi wa aina nyingine huvimba masika na kupasuka nyufa kiangazi. Kaolini haina tamaa kiasi hicho. Halafu mshiko huohuo unaoudhi shambani huikamata pia sehemu ya shaba na kobalti inayoletwa na vumbi la viwanda vya kuyeyusha, hasa pale tindikali isipozidi, ikachelewa kufika kwenye maji ya visima. Kuchelewesha si kutibu. Ila tope linachelewesha bure, na wapo wanaolipwa ambao hata hilo hawajalijaribu.

Madereva nawajibu kwa ufupi. Tope ndilo mtoza ushuru pekee njiani asiyeuliza karatasi, asiyetofautisha lori la mgodi na baiskeli ya muuza makaa. Barabara inayogeuka uji kila mvua, kabla ya kukosa lami ilikosa mtaro.

Pingamizi zito ni moja, nalo silipuuzi: matofali. Kote Katanga nyumba hujengwa kwa matofali ya kuchoma, na mfinyanzi unaopendwa zaidi ni ule wa kichuguu. Mafundi hukibomoa, hukanyaga tope kwa miguu, hulipiga kwenye kalibu ya mbao, huyaanika matofali chini ya nyasi, huyapanga kuwa tanuri lenye midomo ya kuni, hulisiriba nje kwa tope na kuwasha. Baina ya nyuzijoto 500 na 600 kaolini huachia maji yaliyofungwa ndani ya umbile lake, na baada ya hapo haitarudi kuwa tope hata ilowe miaka mia. Mara hiyo moja tu mng'ang'anizi hukubali kuachia, na matokeo yake ni ukuta. Gharama ni miombo iliyokatwa kwa ajili ya moto, na kichuguu ambacho huenda kilianza kabla Waswahili hawajajenga Kilwa, kilichokwisha katika msimu mmoja. Ningeweza kusema kosa ni la moto, lakini huo ungekuwa ujanja wa mawakili. Jibu la kweli ni kwamba mfinyanzi hauhitaji moto ili usimame. Tofali bichi juu ya msingi wa mawe, chini ya paa lenye upenu mpana, hudumu. Na udongo uliochanganywa na saruji asilimia 5 mpaka 10 kisha ukashindiliwa kwa mashine hutoa tofali lisilohitaji kuni, na kwa kazi hiyo si lazima kubomoa kichuguu. Kinachozuia ni aibu: tofali bichi linahesabiwa kuwa la maskini. Kwa hiyo, kwa niaba ya mteja wangu, naomba jengo moja la serikali Likasi, si lazima liwe kubwa, lijengwe kwa tofali bichi, na waziri wa ardhi wa mkoa ahamishie ofisi yake humo kuanzia Novemba mpaka Machi.